Mpango wa mali za mamlaka ya maji: kutoka kichwani mwa fundi hadi meza ya bodi

Mamlaka nyingi za maji zina rejista mbili za mali, ingawa kwenye makaratasi ipo moja. Ya kwanza iko kwa mhasibu: ina bei ya kununulia, kiwango cha uchakavu na thamani iliyobaki. Ya pili iko kichwani mwa fundi mkongwe, yule anayejua kwamba valvu ya barabara ya sokoni imefukiwa chini ya lami, hatua nane kutoka ukuta wa msikiti, na kwamba inafungwa kwa kuzungushia kushoto. Ya kwanza humridhisha mkaguzi. Ya pili ndiyo inayoleta maji, na fundi akistaafu anaondoka nayo.

Mpango wa usimamizi wa mali kazi yake ni kuzikutanisha hizo mbili, kisha kuamua nini kirekebishwe, nini kibadilishwe na nini kiachwe kwanza. Hapa nachukua mfano wa mamlaka ya mji wa wastani Tanzania: visima vichache, matenki mawili matatu, mtandao wa kilomita 180 hivi, na mabwawa ya majitaka pembezoni mwa mji. Hesabu za shilingi ni za mfano tu. Weka za kwako. Aliyeko Kenya atasoma WASREB, mdhibiti wa huduma za maji wa huko, pale nitakapotaja EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania. Hatua hazibadiliki.

Kabla ya yote: kalenda na watu

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpango ukikamilika Aprili, bajeti imeshapita na umeandika kitabu cha kabatini. Panga kazi ya uwandani kati ya Julai na Oktoba. Kuna sababu nyingine ya kuchagua miezi hiyo: sehemu kubwa ya nchi huwa kavu, na uvujaji ambao masika huuficha unajionyesha wenyewe, nyasi mbichi mahali pasipostahili au udongo wenye unyevu wiki nzima bila mvua. Novemba fanya hesabu, Desemba peleka rasimu kwa menejimenti.

Timu iwe ndogo: fundi wa mtandao, fundi wa umeme na pampu, mhasibu wa mali, msoma dira za maji mmoja anayeijua mitaa, na mtu wa ramani. Mhasibu asiachwe ofisini. Akishaiona pampu aliyoiandika "mashine, 1" imekaa kwenye nyumba isiyo na mlango, mjadala wa bajeti hubadilika. Mshauri wa nje aje kufundisha, asije kuandika. Mpango ulioandikwa na mgeni huwa mzuri sana kuusoma, ila hakuna anayeutumia.

Programu za kompyuta zisikupe presha. Excel iliyojazwa vizuri, pamoja na QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, na simu yenye GPS vinatosha kwa miaka ya mwanzo. Nimeona mifumo ya gharama iliyobaki tupu kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuijaza.

Hatua ya 1: Vunja mistari minene ya rejista

Tafuta kwenye rejista mstari unaosema kitu kama "Ujenzi wa mradi wa maji, 1, shilingi bilioni 2.4". Ndani ya mstari huo kuna kisima, pampu, mota, paneli ya umeme, bomba la kupandishia, tenki, nyumba ya mlinzi na uzio. Kwenye rejista vyote vinachakaa kwa kasi moja, jambo lisilowezekana. Pampu ya kisimani ikitunzwa itakaa miaka 7 hadi 10. Tenki la zege linaweza kufika 50.

Ushahidi uko Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa 1959 na Ruvu Chini 1976, na hadi leo jiji linakunywa kutoka huko. Haina maana kwamba pampu za 1959 bado zinazunguka. Mitambo imepanuliwa, vifaa vikabadilishwa kimoja kimoja, na mali kama hiyo huwezi kuieleza kwa mstari mmoja wenye umri mmoja.

Viwango vya kihasibu vinadai hivyo hivyo. IPSAS 45, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma kilichochukua nafasi ya IPSAS 17 kuanzia Januari 1, 2025, inataka sehemu yenye gharama kubwa ndani ya mali ipigiwe uchakavu wake peke yake. Inataka pia umri wa matumizi upitiwe walau kila mwisho wa mwaka. Hapo ndipo hoja ya kila mwaka ya wakaguzi, "mali zenye thamani sifuri zinazoendelea kutumika", inapopata jibu: fundi anasema kifaa kina miaka mingapi mbele yake, mhasibu anarekebisha.

Kwa kila kipande andika namba ya mali, mahali kilipo kwa GPS, aina, ukubwa, mwaka wa kufungwa, na picha. Namba ya mali iwe ile ile kwa fundi na kwa mhasibu. Hapa usikubali maridhiano. Mabomba yagawe kwenye rejista kuanzia valvu hadi valvu, maana ndivyo fundi anavyofunga maji wakati wa matengenezo. Kwa kila kipande weka kipenyo, urefu na malighafi: plastiki (PVC au HDPE), chuma, au yale ya asbesto ambayo miji mingi ya zamani bado inayo.

Mwaka wa kufungwa usipojulikana, usiubuni kimya kimya. Weka safu ya uhakika: A ukiwa na hati au mchoro, B ukiwa umeambiwa na mtu aliyekuwepo, C ukiwa umekisia. Mfuate fundi mstaafu nyumbani kwake, mlipe nauli na posho ya siku, mtembee naye barabara kwa barabara. Hakuna data nafuu kuliko hiyo.

Miradi mnayokabidhiwa, iwe na mkandarasi au taasisi nyingine, isipokelewe bila michoro inayoonyesha kazi ilivyojengwa kweli, si ilivyosanifiwa. Pesa ya mwisho ya mkandarasi ikishalipwa, michoro hiyo huipati tena.

Hatua ya 2: Pima hali, usikisie kwa macho

Tumia alama 1 hadi 5: 1 ni kipya au kama kipya, 5 kimeshashindwa kazi. Andika ukurasa mmoja unaoeleza kila alama kwa kila aina ya mali, vinginevyo "3" ya Juma itakuwa "4" ya Neema. Lakini kwa vitu vinavyokula fedha nyingi, alama ya macho haitoshi.

Chukua pampu. Kupandisha mita moja ya ujazo ya maji kwa kimo cha mita moja kunahitaji uniti 0.00273 za umeme, kama hakuna kinachopotea. Tuseme kisima chako kina kimo cha mita 80, kuanzia usawa wa maji pampu ikiwa inafanya kazi hadi mdomo wa tenki, ukijumlisha na msuguano wa bomba. Kinadharia unahitaji uniti 0.218 kwa kila mita ya ujazo. Sasa fungua bili ya umeme ya mwezi: uniti 12,600. Dira kubwa ya kisimani inasema mita za ujazo 30,000. Gawanya, unapata 0.42. Gawanya 0.218 kwa 0.42, ufanisi ni asilimia 52.

Seti mpya iliyochaguliwa vizuri ingeweza kufika 65. Kwa maji yale yale ungetumia uniti 10,080 hivi, yaani umeokoa zaidi ya uniti 2,500 kwa mwezi. Kwa shilingi 300 kwa uniti, ni karibu milioni 9 kwa mwaka zinazotoka kwenye mfuko wenu bila mtu kuona chochote kimeharibika, maana pampu inanguruma na tenki linajaa. Kabla hujaagiza nyingine, hakiki dira kubwa kwanza, halafu pima upya usawa wa maji. Huenda pampu ni nzima na kisima ndicho kimeshuka. Ukinunua pampu ya ukubwa ule ule, mwaka ujao utarudi pale pale.

Mabomba hayachimbuliwi ili kutazamwa. Hali yake inasomwa kwenye historia ya kupasuka, na hiyo ndiyo sababu ya kumtaka fundi aandike GPS kila anapotengeneza. Atakwambia hana muda. Piga picha ya kipande kilichokatwa pia: ufa wa urefu kwenye PVC mara nyingi ni presha iliyozidi, tundu dogo kwenye chuma ni kutu, maungio yaliyoachana huenda ni ufungaji au magari mazito. Sababu tofauti, dawa tofauti. Kama tatizo ni presha ya usiku, valvu moja ya kupunguza presha inaweza kuokoa kilomita za bomba jipya.

Dira za wateja zina namna yake ya kuzeeka: huanza kusoma pungufu kabla ya kufa. Chukua sampuli kwa makundi ya umri, zikapimwe. Uhakiki wa vipimo uko kwa Wakala wa Vipimo. Anza na wateja wakubwa, kwa sababu dira moja ya hoteli inayosoma pungufu kwa asilimia 10 inaweza kukupotezea kuliko mtaa mzima. Kiwango cha upotevu wa maji kinachotazamiwa na EWURA ni kisichozidi asilimia 20, na sehemu ya upotevu unaolaumiwa kwa mabomba kumbe uko kwenye dira.

Upande wa majitaka ndio husahaulika, kwa sababu haupigiwi simu mpaka kinyesi kitokee barabarani. Kwenye mabwawa, kitu cha kupima ni tope. Chukua mti mrefu, uzungushie kitambaa cheupe kuanzia chini, uuteremshe taratibu wima hadi ukite sakafuni, subiri kidogo, kisha uutoe. Kitambaa kitaonyesha wazi tope linapoishia na maji yanapoanzia. Fanya hivyo sehemu kadhaa za bwawa ukiwa kwenye mtumbwi, umevaa boya la kuokolea. Bwawa la kwanza, lile lenye kina kirefu lisilo na hewa, likishajaa tope theluthi moja ya kina chake linadai kuondolewa tope. Kazi hiyo ina gharama kubwa, lakini unaiona ikija miaka mingi kabla. Hakuna udhuru wa kuiita dharura.

Chemba zikaguliwe kutoka juu kwa taa na kioo, au kamera ya kwenye fimbo. Mtu asiingie bila kipima gesi, mkanda wa kuvutia na wenzake juu. Gesi ile yenye harufu ya yai bovu inaua, na ikizidi harufu yake haisikiki tena. Ndiyo hiyo hiyo inayogeuka tindikali na kula zege la paa la bomba, kwa hiyo ukiona zege linamomonyoka kama chokaa kwenye chemba, andika 4 hata kama maji yanapita vizuri.

Hatua ya 3: Panga kwa madhara, si kwa umri

Kila kipande kipe alama mbili: uwezekano wa kushindwa (1–5) na ukubwa wa madhara kikishindwa (1–5). Zidisha. Uwezekano unatoka kwenye hatua ya pili. Madhara yaulize hivi: watu wangapi watakosa maji, kwa saa ngapi, kuna hospitali au shule ya bweni, kuna njia mbadala, majitaka yatamwagikia wapi?

Paneli ya umeme ya kisima pekee kinacholisha upande mmoja wa mji inaweza kupata 3 × 5 = 15, na bomba bovu la mtaa wa nyumba 20 likapata 5 × 2 = 10. Wakubwa watataka bomba litangulie, kwa sababu ndilo linalolalamikiwa. Paneli hailalamikiwi mpaka siku iungue. Jedwali hili litakusaidia kusema hapana kwa adabu.

Si kila alama kubwa inataka ununuzi. Wakati mwingine jibu ni mota ya akiba stoo, au kufungua valvu inayounganisha kanda mbili ambayo haijaguswa miaka mingi na kuhakikisha inazunguka.

Hatua ya 4: Kurekebisha au kubadilisha

Hapa ndipo mipango mingi inapoteleza, kwa hiyo tukae kidogo na mfano.

Bomba la inchi 4, urefu wa kilomita 1.2, lilipasuka mara 9 mwaka jana. Kila mtu ofisini anasema libadilishwe. Tufanye hesabu. Matengenezo ya mara moja, yaani vifaa, mafuta na posho, ni shilingi 350,000. Maji yaliyomwagika tuseme mita za ujazo 5 kwa saa, kwa saa 30 tangu kuanza hadi kufungwa, ni 150. Kwa gharama ya uzalishaji ya shilingi 600, ni 90,000. Jumla 440,000 kwa kila mpasuko, mara 9, ni milioni 3.96 kwa mwaka.

Kubadilisha mita 1,200 kwa shilingi 45,000 kwa mita ni milioni 54. Itachukua miaka 13 na zaidi kurudisha fedha hiyo. Kwa hesabu ya fedha peke yake, halibadilishwi.

Lakini weka mipasuko ile 9 kwenye ramani. Saba imelala ndani ya mita 200, pale malori yanapokatisha kuingia ghala la mazao na bomba limelazwa juu juu. Badilisha mita 200 hizo tu, kwa kina kinachotakiwa: milioni 9. Unaepuka mipasuko 7, sawa na milioni 3.08 kwa mwaka, na fedha inarudi ndani ya miaka mitatu. Zilizobaki kilomita moja ziache zifanye kazi. Hii ndiyo faida ya GPS ya fundi aliyesema hana muda, na ukimwonyesha ramani hii atakuwa wa kwanza kuandika.

Kama bomba hilo linalisha hospitali, hesabu inabadilika, maana hatua ya tatu imeshakwambia madhara yake. Andika sababu hiyo waziwazi kwenye mpango, usiifiche ndani ya makadirio.

Hatua ya 5: Fedha ya miaka kumi

Sasa orodhesha kila kinachotarajiwa kubadilishwa, mwaka wake na bei ya leo ya kukibadilisha. Bei ya kununulia ya 1998 haina msaada hapa. Tenganisha mafungu matatu: uendeshaji na matengenezo kinga, ubadilishaji wa vilivyochoka, na upanuzi. Yakichanganywa, upanuzi hula yote, kwa kuwa una sherehe ya uzinduzi.

Hesabu moja fupi huamsha kikao. Mtandao wa kilomita 180, ukichukulia bomba linaishi wastani wa miaka 50, unadai kubadilishwa kilomita 3.6 kila mwaka kwa wastani. Angalia mwaka jana mlibadilisha kiasi gani. Kama ni mita 400, kwa kasi hiyo mtandao utamalizika kubadilishwa baada ya miaka 450. Si lazima mfike 3.6 mwaka huu, hasa kama mabomba mengi ni mapya, ila bodi ijue pengo liko wapi.

Kisha linganisha mahitaji na mapato. Kuna njia chache za kuziba pengo: kupunguza upotevu, kuomba bei mpya EWURA, ruzuku ya Serikali, mkopo, au kukubali huduma ishuke mahali fulani. Hiyo ya mwisho iandikwe pia, kwa sababu ndiyo inayotokea kimya kimya zisipochaguliwa nyingine. Maombi ya bei yakiwa na orodha ya vipande, hali yake na gharama yake hujadiliwa tofauti na yanayosema tu "miundombinu chakavu".

Soko la mitaji nalo limefunguka. Februari 2024, Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ilizindua hatifungani ya kijani (dhamana ya mkopo kwa miradi ya mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, kwa ajili ya kupanua huduma ya maji. Mwekezaji wa namna hiyo analipwa kutokana na mapato ya mamlaka, na atataka kujua mnamiliki nini na kiko katika hali gani. Si kila mamlaka iko tayari kwa njia hiyo. Nyingi bado, na kuanza na riba kabla ya kuanza na rejista ni kujitafutia balaa.

Hatua ya 6: Ripoti inayosomwa

Wasomaji ni tofauti, ripoti zisiwe moja. EWURA inapokea takwimu kupitia mfumo wa MajIs. Hakikisha namba za mtandao, dira na upotevu mnazoweka humo zinatoka kwenye rejista ile ile, siyo kwenye faili la mtu mwingine. Urefu wa mtandao ukitofautiana kati ya MajIs, mpango wa biashara na hesabu za mwaka, mkaguzi wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ataikuta tofauti hiyo kabla yenu.

Bodi ipewe kurasa mbili kila robo mwaka. Ziwe na mali kumi zenye hatari kubwa na kilichofanyika kwa kila moja, mipasuko kwa kilomita 100 za bomba, uniti za umeme kwa mita ya ujazo kwa kila kituo, sehemu ya kazi iliyokuwa matengenezo kinga dhidi ya dharura, na kina cha tope mabwawani. Kisha safu moja muhimu kuliko zote: "Tukinyimwa fedha hii". Bodi ikikata milioni 9 za mita 200 pale ghalani, safu hiyo iseme: tarajia mipasuko 7 hivi na milioni 3 za matengenezo na maji yatakayomwagika. Waliokata wasaini wakiwa wameiona.

Mafundi nao wana ripoti yao, ambayo watu hawaikumbuki: ramani iliyosasishwa, ibandikwe ukutani stoo, ikionyesha valvu zilizopatikana, zilizofukiwa na zilizokwama.

Kinachoua mpango wote ni rejista kuchakaa. Dawa ni utaratibu mmoja: kadi ya kazi isifungwe, na stoo isitoe kifaa, bila namba ya mali kuandikwa. Kifaa kikibadilishwa, cha zamani kinafutwa na kipya kinaingizwa wiki hiyo hiyo, na mhasibu anapata nakala. Kila robo mwaka chagua vipande 20 bila kutangaza, mwende mkavitazame. Vikikutwa 18 sawa na rejista, endeleeni. Vikikutwa 11, ripoti ya robo hiyo isiende kwa bodi mpaka mjue tisa vimepotelea wapi.